Mbuzi wa Wakili Kamanthe

Nilikuwa napepeta ndengu uani Ngui alipofika akihema. Ngui ni mwenyekiti wa kamati ya sherehe hapa kwetu Masinga, na kama wengine wote huniita Susu, yaani bibi.

"Susu, tumepanga! Alhamisi tunamheshimu Wakili Kamanthe. Mbuzi yuko, kiondo kiko, hema liko."

Nilifurahi. Kamanthe hutetea wajane kortini bure, wasinyang'anywe mashamba. Anastahili hata mbuzi wawili.

Jirani yangu Nzisa, mjane, alikuwa akichota maji kwenye tangi langu. Mtungi ulimponyoka.

"Alhamisi? Si ni kesi yangu ya shamba na mashemeji! Na wewe Ngui ndiye shahidi wangu. Nani mwingine alimwona marehemu mume wangu akipanda mikonge ya mpaka?"

Ngui akatabasamu. "Usijali, mwaitu, mama yangu. Niliandika maelezo, nikatia sahihi. Hakimu atasoma."

Ee Mungu wangu! Mtu mzima na mvi zake!

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega."

"Ana jina lako na sahihi yako, lakini akiulizwa swali hajibu."

"Huyo ni bubu."

"Ni karatasi yako, Ngui!"

Hakuamini. Basi tukampigia wakili simu, tukaongeza sauti wote tusikie.

"Mzee Ngui," alisema Kamanthe, "mashemeji wa Nzisa wana wakili wao. Atataka kukuuliza maswali mbele ya hakimu. Usipokuja, maelezo yako yanaweza kuwekwa kando. Na uliletewa wito wa korti. Kuupuuza ni kosa, unaweza kukamatwa."

"Lakini sherehe ni yako!"

"Yangu? Unanichinjia mbuzi siku ile ninayokuhitaji? Mjane akikosa shamba, hiyo nyama nitaila na uso gani?"

Ngui akavua kofia, akaivaa tena. "Haya. Hema lingoje."

Alhamisi tuliondoka alfajiri kwenda Machakos. Ngui aliulizwa maswali hadi akatoka jasho, lakini hakuyumba. Baada ya miezi miwili korti iliamua: shamba ni la Nzisa.

Jumamosi iliyofuata ndipo mbuzi alichinjwa. Tulimvika Kamanthe kiondo begani. Alishukuru, kisha akauliza, "Jumanne ni kesi ya Kalunde, yule mjane wa kule kisimani. Mashahidi wake wako tayari?"

Watu wazima wakatazama sahani zao! Nilikuwa karibu kufoka.

Ngui akaweka mfupa chini. "Nawajua wote watatu. Nitawaamsha mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Saa kumi na moja."