Mswala wa Mwanakheri

"Mwanakheri! Mbona mswala umekunjwa?"

Mwanakheri akashtuka, kopo la maji likamponyoka. Mama mkwe wake, Bi Khamisa, alikuwa kasimama mlangoni pa chumba, kanga kajifunga kifuani.

"Siko safi, mama."

"Umeingia mwezini tena? Mwaka wa sita huu hatuoni mtoto! Ijumaa tunakwenda Chukwani kumposea Usi mke wa pili. Nshachoka mie."

Mwanakheri akamtazama mumewe. Usi akainamia kikombe chake cha kahawa.

Alasiri ileile akapanda ngazi za Bi Mwatum, mkunga wa mtaa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo?"

"Nimeona damu. Tone tu asubuhi, rangi ya chai, likakatika. Na siku zangu bado wiki nzima."

Bi Mwatum akaweka chini ungo wa mchele.

"Tone moja, ukakunja mswala?"

"Naogopa, Bi. Nikingoja kwa matumaini huumia zaidi."

"Nisikilize. Kila mwezi tumbo la uzazi hutandika godoro lake, laini, limejaa damu. Mgeni, ile mbegu ya mtoto, asipokuja, godoro hubomoka likatoka, ndiyo hedhi. Akija, huelea siku kadhaa akitafuta pahala, kisha hujichimbia humo. Pengine kishipa hupasuka, likatoka tone. Sikwambii una mimba. Nnakwambia hiyo si hedhi. Koga, sali, ngoja."

"Na Ijumaa?"

"Hiyo kamuulize mumeo."

Usiku akamweleza Usi maneno ya mkunga, akamuuliza. Usi akavuta tasbihi punje kwa punje.

"Nikingoja, halafu isiwe?"

"Utakuwa umengoja na mimi, Usi. Miaka yote nimengoja peke yangu."

Ijumaa Bi Khamisa akatoka na buibui lake jipya, anukia udi.

"Usi, twende."

"Siendi, mama."

"Kwa ajili ya hilo tone ulilonambia?"

"Kwa ajili ya mke wangu. Liwe, lisiwe."

Siku zikawa nzito. Kila akienda chooni, Mwanakheri hufumba macho kwanza. Siku ya hedhi ikafika, ikapita. Ikapita wiki, zikapita mbili. Na kila alfajiri Bi Khamisa akichungulia, anaukuta mswala umetandikwa.

Asubuhi moja Bi Khamisa akamkuta Mwanakheri anainua ndoo kisimani. Akamshika mkono.

"Iweke chini."

"Maji yamekwisha ndani, mama."

"Nimesema iweke chini, mwanangu. Ntateka mie."