Sahani Chini ya Injini

Famau alifika Mtangawanda saa kumi na moja jioni kuchukua kifurushi chake. Kifurushi alikipata, ila hakikutimia. Gasketi ilikuwamo, boliti nne alizoagiza hazikuwamo. Akampigia simu Douglas, muuza vipuri wa Mombasa, akiwa pale pale gatini.

"Boliti hizo hazipatikani, Bwana Famau," Douglas akasema. "Ni vipimo vya Waingereza wa zamani. Hata wenyewe wameshaviacha."

"Sasa nikazie nini, meno?"

"Tumia zile zile ulizofungua."

Famau akakata simu. Zile zile alizofungua zilikuwa zimelika vichwa. Mwaka mmoja amezifungua na kuzifunga mara sita.

Siyu nzima iliujua mkono wa Famau. Mashine ya boti ikigoma, huitwa yeye. Jenereta, pampu ya kisima, cherehani, vyote vilimtii. Kilichomshinda ni chake mwenyewe: pikipiki ya Kiingereza ya silinda mbili, yenye umri kumzidi yeye, aliyoinunua Wiyoni kwa Bi Mardhiya, mjane wa Bwana Jeilani, akaivusha kwa boti ikiwa imelazwa juu ya magodoro kama mgonjwa. Ilikuwa nzuri, hakuna wa kulikana hilo. Tangi jeusi, ekzosi mbili, na mngurumo mzito uliowatoa watu madirishani. Lakini ilimtesa. Spana za milimita hazikuingia kwenye nati zake, na za inchi ziliteleza. Kiki yake ilirusha teke kuliko punda. Ilishamvimbisha kifundo wiki mbili. Kabureta zilikuwa mbili, ukiiridhisha hii, ile inanuna. Na oili... oili ilivuja kila penye maungio.

Kuvuja angekuvumilia. Kilichomkera ni kwamba hakuweza hata kupima inavuja kiasi gani. Kila jioni aliiegesha dakani, mbele ya mlango, akaweka sahani ya bati chini ya injini. Kila asubuhi sahani aliikuta kavu. Tena si kavu tu. Safi, inang'aa, kama iliyosuguliwa kwa jivu. Na ndani ya injini, oili imepungua nusu kikombe.

"Ni paka," alisema Mwanamkisi, mkewe.

"Paka hanywi oili."

"Basi wewe hujui kupima."

Neno hilo lilimchoma, akalala nalo siku nyingi. Kuhusu paka, jambo moja hakumwambia mkewe. Paka wa mtaa walilala kila mahali, juu ya kuta, juu ya matanga yaliyokunjwa, hata juu ya viatu vya msikitini. Dakani kwake hawakukanyaga.

Safari hii aliapa kuikomesha. Kwa siku mbili aliacha kazi za watu. Alilaza msasa juu ya kioo, akasugua nyuso za maungio mpaka zikawa bapa kama kioo chenyewe. Akapaka gundi, akalaza gasketi mpya, akakaza boliti kuukuu kidogo kidogo, huku na huku, akiwa ameshika pumzi. Akaiendesha hadi Faza na kurudi. Kisha akapapasa tumbo la injini kwa kitambaa cheupe.

Kitambaa kikatoka cheupe.

Alikaa chini dakani, mgongo ukutani, akacheka peke yake.

Asubuhi ya kwanza aliikuta sahani kizingitini, ukingo wake umegusa mlango. Akairudisha mahali pake.

Asubuhi ya pili Mwanamkisi alimwonyesha kopo la samli. Lilikuwa tupu, limekombwa mpaka ndani ya mikunjo ya bati.

"Una njaa gani wewe?" akamuuliza.

"Sikuligusa."

"Nyumba ina watu wawili, Famau."

Siku nzima hawakusemezana. Famau alihisi ameonewa. Amemaliza kazi ambayo hakuna fundi visiwani angeiweza, na malipo yake ni kuitwa mdokozi wa samli.

Jioni ile alirudi kutoka kuswali magharibi. Nyumba ilikuwa nusu giza, taa bado hazijawashwa. Alipovuka mlango, harufu ikampokea. Oili iliyoungua. Na chini ya oili, harufu nyingine... ya ngozi mbichi iliyolowa.

Kisha sauti.

Mlap... mlap... mlap...

Ilikuwa ya taratibu, ya mwenye kula akishiba. Ilitoka chumbani.

Alikwenda kwa ncha za vidole. Mwanamkisi alikuwa kitandani, ameupa mlango kisogo. Alikuwa ametoka kuoga, nywele amezipaka mafuta ya nazi, hakujifunga kitu kichwani. Usingizi ulikuwa umemchukua nusu.

"Wata, Famau," akasema kwa uvivu, akimtaka aache. "Wanilamba kitwa kama ng'ombe."

Famau alikuwa amesimama mlangoni.

Aliona fungu la nywele likiinuka polepole, likanyooka hewani, likaanguka juu ya mto likiwa limelowa. Likainuka tena. Hapakuwa na mtu. Lakini godoro, upande wa Famau, lilikuwa limebonyea.

"Mwanamkisi," akanong'ona. "Toka hapo. Taratibu."

Mkewe aligeuza shingo kuifuata sauti yake. Akamwona yuko wapi. Macho yake yakatoka, lakini hakupiga kelele. Aliteremka kitandani kama mtu anayeshuka kwenye mtumbwi mwembamba, akapita, akatoka mpaka nje.

Nyuma yao sauti ilikatika kidogo. Kisha ikaendelea, juu ya mto.

Dakani Famau alimpigia Bi Mardhiya. Namba akaikosea mara mbili. Salamu zilipokwisha akasema, "Bi, nakuuliza habari ya pikipiki ya marehemu..."

"Umeiziba," Bi Mardhiya akasema.

"Nimeiziba."

"Jeilani aliiziba mara moja. Mwaka ule tulimzika mamake. Hakuiziba tena."

"Ni nini, Bi?"

"Sijui. Yeye alinambia kilikuja nayo. Kikipata chake nje, hakiingii ndani."

"Nikiwekee oili mpya?"

"Mpya hakitaki. Chataka iliyopita motoni."

Hasira ikaishinda hofu yake. "Na mbona hukunambia?"

"Nalikwambia ni pikipiki inayovuja," Bi Mardhiya akasema taratibu. "Ukasema wewe ni fundi."

Famau akaweka simu chini, akashika spana. Boliti ya kwanza ikakataa. Ameikaza mwenyewe, kwa mkono usiolegea. Spana ikateleza, ikamchuna vidole. Akajaribu tena. Ikateleza tena. Kichwa cha boliti sasa kilikuwa duara tupu.

Ndani ya nyumba, sauti ya kulamba ilikoma.

Kitu kikaburuzika ukumbini. Kizito. Hakina haraka. Mwanamkisi alisimama kwenye mchanga, amezishika nywele zake kwa mikono miwili.

"Famau," akanong'ona. "Kinakuja kwangu."

Akachukua patasi na nyundo. Akaiweka patasi ubavuni mwa boliti, akapiga. Akapiga. Boliti ikazunguka nusu. Lakini oili ilikuwa baridi, nzito, haishuki. Ilibidi injini iwake. Akapanda, akapiga kiki. Kimya. Akapiga. Ikarudisha teke, ikamgonga pale pale palipowahi kuvimba. Akapiga ya tatu, ya tano, ya tisa, akiitukana kwa meno yaliyofungwa, machozi yanamtoka.

Ya kumi ikawaka.

Akaiacha ingurume. Mwishowe tone moja likajikusanya chini ya maungio, likaning'inia...

Tak. Juu ya bati.

Harufu ya ngozi ikampita shavuni, karibu kabisa, yenye joto. Kisha chini, miguuni pake, mlap... mlap...

Mwanamkisi alikwenda kwa dadake Huwaida, kule Faza, na mpaka sasa hajarudi. Fungu lile la nywele halishiki mafuta tena. Akilipaka, muda si muda linakauka kama kumbi la nazi. Mwalimu Yassir wa madrasa alisoma Kurani dakani siku saba mfululizo. Siku ya nane sahani ilikuwa safi. Kuiuza pikipiki, Famau ameshindwa; dhamiri yake haimruhusu kumtwisha mwingine. Kulala nje ya Siyu hathubutu. Kila alasiri lazima aiwashe injini, aipashe moto, aisikilize inavyovuja, yeye ambaye watu bado humsifu kwamba hakuna mashine isiyomtii.

Alhamisi iliyopita alitoka alfajiri kuiangalia. Sahani ya bati ilikuwa safi kama siku zote.

Kando yake palikuwa na kibakuli cha kaure. Si cha nyumba ile. Kilikuwa cha kale, cha buluu, cha aina ile waliyoipachika wazee kwenye kuta za makaburi, na chokaa ingali imekiganda kitakoni. Kilikuwa kimesukumwa mpaka chini ya silinda ya pili.

Ndani yake mlikuwa na vumbi tu. Mwenye kibakuli alikuwa bado hajapewa kitu.