Majivu Ndani ya Bwawa la Victorine

Asubuhi Victorine hufagia uwanja, huwasha makaa kwenye mbabula, halafu hushuka kwenye bwawa na sahani ya pumba za mahindi. Nyumba yao iko Kasungami, pale mji unapoanza kuchanganyika na mashamba. Bwawa ni lake. Alilichimba pamoja na dada yake wakati wa kiangazi, udongo mwekundu ukawajaa mpaka kwenye nyusi. Ndani aliweka tilapia wadogo, urefu wa kidole.

Mvua zilipokuja, mambo yakaharibika. Samaki waliacha pumba zikielea. Hawakukua. Kila alfajiri mmoja au wawili walikuwa juu ya maji, tumbo jeupe limegeuka.

Mume wake, Jeannot, si mtu mbaya. Lakini alichoka kuona mke wake akirudi na samaki waliokufa kwenye sahani ya pumba. Akasema wazi: kama wanaendelea kufa mpaka Jumapili, atalikausha bwawa. Kuna watu wa kufyatua matofali wanaotaka udongo wa mahali pale.

Victorine alimpigia simu mtu aliyemuuzia samaki. Yule akamwambia labda maji yana asidi.

Asidi ni ukali kama wa ndimu, Victorine akawaza, na ukali anaujua. Kwetu, mwanamke akipika lumanda, ile mboga kali ya majani mekundu, anaonja mchuzi. Ukali ukizidi, anamimina maji ya majivu kidogo, na ulimi unapumua. Basi akachota maji ya bwawa, akaonja. Hakusikia ukali hata kidogo. Hata hivyo akajiambia majivu hayawezi kudhuru, ni kitu cha jikoni. Akamwaga mabeseni mawili pale ukingoni, karibu na njia ya nyumba.

Kufika mchana, samaki wa upande ule walikuwa wamekufa. Wengine walijisonga katikati ya bwawa, midomo juu.

Victorine akaenda kumwita Agnès, jirani yake. Agnès hupima maji katika kiwanda cha vinywaji. Alikuwa anasuka nywele. Akaja na upande mmoja umesukwa, upande mwingine umesimama. Jeannot alipomwona akamuuliza kama amekuja kutisha samaki. Agnès akamjibu kwamba samaki wamemzoea yeye Jeannot, hawawezi tena kuogopa mtu.

Mfukoni alikuwa na karatasi nyembamba za rangi ya manjano. Alichovya moja upande wa mbali. Rangi haikubadilika sana. Akailinganisha na rangi za kwenye kiboksi: tano. Akachovya nyingine pale penye majivu. Ikawa bluu iliyoiva: kumi.

Jeannot akasema tano ni ndogo, kwa hiyo asidi ni ndogo, na upande wa kumi ndiko asidi imejaa.

"Hapana, shemeji. Hii namba inahesabu kinyume," Agnès akasema.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawaeleza polepole. Ndani ya maji yote kuna vipande vidogo sana vya hidrojeni. Vinaitwa ioni. Jicho haliwezi kuviona. Vikiwa vingi, maji ni asidi. Vikiwa vichache, maji ni bazi, kama maji ya majivu au ya sabuni. Ile namba inaitwa pH. Ioni za hidrojeni zikiongezeka, pH inashuka. Zikipungua, pH inapanda. Maji safi kabisa yako katikati, kwenye saba.

Jeannot akasema, sawa, lakini kutoka saba mpaka tano ni mbili tu. Mbili ni nini?

"Kila ngazi moja ni mara kumi," Agnès akasema. "Sita iko na hidrojeni mara kumi kupita saba. Tano, mara kumi tena. Njo mara mia, shemeji, haiko mbili."

Jeannot akatazama maji kama mtu aliyeambiwa kwamba mbwa wa jirani anauma.

Victorine akamgeukia Agnès, anayemheshimu kama dada mkubwa, akauliza kile kilichomkaa moyoni. "Yaya, mimi nilionja. Juu ya nini sikusikia ukali?"

"Ndimu iko karibu na mbili," Agnès akamjibu. "Hesabu ngazi mpaka tano. Ndimu iko na hidrojeni karibu mara elfu kupita bwawa. Ile njo ulimi inasikia. Ya bwawa ni kidogo kwa ulimi, lakini samaki eko ndani mchana na usiku, anapumua mule mule."

Halafu akawaambia habari ya majivu. Majivu yanaondoa hidrojeni, kweli, na ndiyo sababu yanapunguza ukali wa lumanda. Lakini yanaondoa kwa nguvu na kwa haraka. Pale ukingoni maji yalipita saba, yakapanda mpaka kumi. Samaki walitoka kwenye asidi wakaingia kwenye bazi kali. Zote mbili zinaua.

Siku ileile Jeannot mwenyewe aliingia na koleo, akatoa matope ya majivu. Kwa asidi ya bwawa zima, Agnès aliwakataza chaux, ile chokaa ya kupaka nyumba. Ile imechomwa, inaunguza ngozi, na pH inaruka kama ya majivu. Aliwaambia watafute chaux ya shamba, unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa, unaofanya kazi polepole. Afisa wa kilimo aliwaambia kiasi kinachofaa ukubwa wa bwawa lao. Victorine alijifunga kitambaa puani, akautawanya unga ule kidogo kidogo, pande zote. Baada ya hapo alipima kwa karatasi, ulimi akauacha kwa lumanda.

Ijumaa karatasi ilisema sita. Samaki wawili walikufa, na Victorine hakutaka kula. Jumamosi hakufa hata mmoja.

Jumapili, baada ya misa, alishuka na nguo zake za kanisani. Akachovya karatasi. Ilikuwa ya kijani. Saba. Akapima upande mwingine: saba. Akatupa pumba, akasubiri. Maji yakatulia. Halafu mdomo mmoja ukatokea, na mwingine, na ghafla maji yote yakawa yanachemka kwa midomo midogo.

Victorine akakaa kwenye majani, na nguo zile zile, akapumua kwa nguvu.

Jeannot alikuwa amesimama nyuma yake.

"Watu ba matofali nilibaambia batafute udongo pengine," akasema. "Nipe na mie pumba kidogo nibatupie."