Nyumba Juu ya Unywele wa Mama

Jioni ile nilirudi kazini kufuata kitu kidogo tu: unywele wa mama yangu.

Usicheke. Kazi yetu ni kuchonga vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mashine inachonga kwa miale, na ukitaka kukiona kilichochongwa, lazima hewa yote inyonywe kwanza kutoka ndani ya chombo. Bosi wetu, tuliyemwita Bingwa kwa sababu alipenda sifa kuliko chakula, alitaka kitu cha kuwaringishia wageni. Siku mama aliponiletea funguo nilizosahau nyumbani, Bingwa aliokota mvi begani kwa mama.

"Nywele za mtu haziokotwi, baba," mama alimwambia.

"Mama, hapa ni sayansi!" Akacheka. Juu ya mvi ile akachonga nyumba: paa, dirisha, mlango uliofungwa.

Tangu hapo mama akawa anakabwa. Madirisha wazi, feni inazunguka, naye anashika koo: "Fungueni, nakosa hewa!" Daktari alipima mapafu akasema mazima. Jioni ile midomo yake iligeuka rangi. Nilimwacha mdogo wangu akimpepea, nikatoka mbio.

Maabara ilikuwa kimya. Pampu tu ikinguruma... Na harufu. Nywele zinaungua, na ndani yake, mafuta ya kichwa ya mama.

Bingwa alikuwa amesimama mbele ya skrini, jasho linamtoka.

"Umegusa mashine?" alininong'oneza.

"Ndiyo kwanza naingia."

"Mimi sikuchonga mtu..."

Nikatazama. Dirishani, kwa ndani, kulikuwa na kiganja.

Kidole kimoja kimepinda.

Nakijua kidole kile. Mama alikibana mlangoni nikiwa mtoto.

"Rudisha hewa," nikasema.

"Wageni wako njiani! Ikiingia vumbi imeharibika."

Nilimpiga kikumbo, nikabonyeza kitufe cha hewa. Sssss... Simu ikalia. Mdogo wangu, kilio na kicheko pamoja: "Dada, mama amevuta pumzi! Anaomba chai!"

Nililia palepale sakafuni. Kisha nikaishika ile mvi kwa kibano, nikaifunga kwenye kitambaa. Bingwa hakunizuia. Mchoyo yule, hata kalamu hamwazimi mtu!

"Chukua tu," alisema, macho chini. "Mvi ilikuwa ndefu. Niliikata vipande, kila kimoja na nyumba yake. Vingine niliwagawia wageni waliotangulia."

"Wako wapi hao?"

"Kila mtu kwao. Wana mashine zao."

Niliacha kazi. Bingwa alipewa tuzo, akapigwa picha, laana imshukie. Mama yu hai, kama huo ni uhai. Anaweza kuwa anamenya vitunguu huku anatutania, mara kisu kinamponyoka. Anashika koo. Tunamshika mikono, tukijua kuna mtu mahali fulani anawaonyesha wageni wake kipande chake. Hatuna la kufanya ila kungoja wamalize kushangaa.

Jana walikawia. Nilidhani ndiyo basi. Alipozinduka nilimwegemea nikamuuliza, "Mama, kukoje humo?"

Akatazama mlango wa chumba chetu, muda mrefu.

"Mwambie yule baba," akanong'ona, "kwa ndani alisahau kitasa cha kufungulia."