Nguzo Iliyofutwa Namalo

Asubuhi hiyo Brendah alikuta kibodi yake imelowa. Mvua haikuwa imenyesha, dari haivuji, na ofisi yao ya misaada mjini Busia iko mbali na mto. Lakini chumba kizima kilinuka tope la mto Nzoia, lile la baada ya mafuriko, lenye uvundo wa mbuzi waliokufa maji.

"Ni wewe umemwaga chai," alisema mkubwa wake, Callistus. Mtu yule alikuwa na jibu la kila kitu, ndiyo maana alichosha.

Brendah alikuwa ametengeneza ramani ya kaunti kwenye kompyuta. Ukibonyeza, nguzo za buluu zinaota juu ya vijiji na kurefuka mwezi hadi mwezi, kadiri mafuriko yalivyoua watu. Siku hiyo wageni wangeitazama ukutani, na kijiji chenye nguzo ndicho kingepewa boti ya uokoaji.

Namalo, huko Budalang'i, ilikuwa na nguzo moja fupi, ya Nasambu binti Ogutu. Mto ulimchukua na mwili haukuonekana. Ukoo ukazika shina la mgomba badala yake, kama ilivyo desturi, wakamlilia, wakamwita jina, akatulia. Jana yake, Callistus aliposikia hayo, alicheka mpaka akakohoa. "Toa hiyo! Mgomba si mtu." Moyo ulimuuma Brendah, lakini aliifuta.

Ogutu, baba yake Nasambu, alipopata habari alikuja mwenyewe asubuhi hiyo, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Boss, tulimzika huyo mtoto vizuri, alikuwa amelala. Sasa nyinyi mnamfukua na mashine? Na hawa wengine wakibebwa na maji kwa sababu hakuna boti, mtasema pia ni migomba?"

"Mzee, leta mwili," Callistus alijibu, huku akitafuna andazi. Andazi, jamani! Hasira inanipanda hata kusimulia.

Wageni wakaketi, Brendah akabonyeza. Nguzo zikaota vizuri. Kisha pale Namalo, palipofutwa, ikachomoza nyingine, nyeusi, inachuruzika maji.

"Nini hiyo?" Callistus alinong'ona.

"Sijui, boss. Sijaiweka mimi."

"Zima!"

"Nimeng'oa waya. Haizimi."

Nguzo ikang'oka ilipoota na kuanza kutembea juu ya ramani, ikafuata barabara mpaka Matayos, na kila iliposogea ukuta ulitoa sauti ya miguu midogo inayokanyaga tope, chwa, chwa, na maji yakatiririka kutoka ukutani yakafika kwenye viatu vya wageni, na uvundo ukawazidi wakakimbilia nje wakikanyagana, wakidhani inakuja ofisini, lakini haikuja ofisini, iligeuka ikaelekea Butula, na Butula ndiko nyumbani kwa Callistus, naye alitaka kukimbia akashindwa, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imezama kwenye tope lililomfika magotini, juu ya sakafu ya simiti.

"Irudishe!" alilia. "Brendah, mrudishe huyo mtoto!"

Brendah akachomeka waya, akaandika Nasambu. Nguzo ya buluu ikasimama tena Namalo. Maji yakakauka, tope likatoweka, harufu ikaisha. Ogutu akafuta machozi kwa kofia yake. Boti ingekwenda kwao.

Lakini pale Butula palibaki nguzo fupi, nyeusi.

Simu ya Callistus ikalia. Alikuwa Jerusha, mkewe.

"Baba Levis, nani ameleta mgomba hapa nyumbani? Uko kitandani kwa Levis, umelowa maji. Na huyo mtoto simuoni. Nimemwita kila mahali."

Callistus akafungua kinywa aseme kwamba mgomba si mtu, kikatoka kilio tu. Aliishia kukaa sakafuni. Ogutu, ambaye alikuwa na kila sababu ya kuondoka, akaja akakaa kando yake.

"Usimlilie hivyo tu," akamwambia polepole. "Mwite jina. Wasipoitwa jina, hawalali."