Mkanda Ulikuwa Umefungwa

Siku Abdulwahab aliponifuata, jua lilikuwa linazama na mimi nilikuwa Maili Moja nanunua mkaa. Gunia lilikuwa limejaa vumbi na nilikuwa nabishana na muuzaji, kwa hiyo sikumtazama vizuri. Alisema ametokea Kisarawe, ameelekezwa kwangu. Kazi yangu ni kuuguza watu majumbani mwao. Nilianza kwa kufanya usafi wa wodi baada ya kidato cha nne, na mengine nimejifunza kwa kuangalia. Mama yake, Bi Maua, hakuwa amesimama kwa miguu yake tangu Ramadhani. Walitaka kumpeleka Nairobi akapimwe, na walihitaji mtu wa kukaa naye siku tano.

Aliniuliza maswali matatu. Kama naweza kumwinua mgonjwa peke yangu. Kama nina pasipoti. Na kama nina mtoto wa kike.

Nikasema ninaye, Naila, ana miaka saba. Nilidhani anataka kujua kama nina wa kumwachia. Nikamwambia kwamba jirani yangu Faudhia, pale Visiga, atalala naye nyumbani kwangu.

Akatabasamu. Sikumwona akitabasamu tena.

Asubuhi ya safari nilimfuata mgonjwa Kisarawe. Wajukuu zake watatu, wasichana wote, walikuwa wamesimama mwisho wa baraza, mgongo ukutani. Walimwamkia bibi yao kutoka kulekule. Bi Maua alinyoosha mkono. Hakuna aliyeusogelea. Mama yao alisukuma begi la mgonjwa kwa mguu mpaka mlangoni, kama mtu anayesogeza kitu kilichooza. Nikajisemea, hawa watu wana roho mbaya, mtu mzima anaumwa wanamfanyia hivi. Nikauchukua ule mkono mimi.

Ulikuwa wa baridi, mkavu. Ulikaa mkononi mwangu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nairobi walimpima kila kitu. Daktari alisema kwa majibu yale, mama huyu alitakiwa awe amefariki miezi mingi iliyopita. Alisema kama anamsifu. Abdulwahab aliinamisha kichwa, na sikuona furaha usoni mwake.

Tulirudi kwa ndege ya usiku, saa saba kasoro. Safari yenyewe ni saa moja na dakika chache. Bi Maua hakuweza kukaa wima, kwa hiyo alikatiwa bizinesi klasi, kwenye viti vipana vinavyolala, na mimi nikakatiwa kiti cha pembeni yake. Abdulwahab alikwenda kukaa nyuma kabisa, karibu na choo. Mtu mwenye hela zake, kamwachia mfanyakazi kiti cha wakubwa. Mimi nikaona ni bahati yangu. Miguu ilikuwa imenivimba, mgongo unauma, na kiti kile kilinipokea vizuri kuliko kitanda changu.

Nilimfunga Bi Maua mkanda mwenyewe. Nikaukaza, nikaujaribu.

Wakatuletea vitaulo vya moto, kisha chakula kwenye sahani za udongo. Mkate mdogo wa mviringo, jibini, tunda, chokoleti mbili. Mgonjwa hakugusa. Mimi nilikula tunda na jibini, na ule mkate na chokoleti nikavifunga kwenye kitambaa cha mezani, cha bluu chenye chapa ya ndege, nikaweka ndani ya mkoba. Mama yeyote anafanya hivyo. Huwezi kurudi safari mikono mitupu.

Nikageuka. Bi Maua alikuwa ananitazama. Siku tano zote alikuwa amefumba macho.

"Unambebea mtoto?" akanong'ona.

"Ndiyo, bibi."

"Nipe nimpelekee. Mimi nafika mapema."

Sasa, mgonjwa akiweweseka hubishani naye. Akikuambia kuna ng'ombe chumbani, unamwambia umeshamtoa. Hiyo ndiyo kazi yetu. Nimewajibu hivyo wagonjwa wengi na wote wametulia, wamelala.

Nikamwambia, "Haya bibi. Mpelekee."

Akacheka kidogo. Kikohozi kilichokuwa kinamsumbua siku zote hakikutoka.

Taa zikapunguzwa. Pazia lililotutenga na abiria wa nyuma likavutwa. Mbele alikuwepo mwanaume mmoja tu, amejifunika uso, anakoroma. Nikafumba macho... dakika tano, labda kumi.

Kilichoniamsha ni harufu. Udongo uliolowa mvua. Majani mabichi yaliyokanyagwa. Ndani ya ndege, juu ya mawingu.

Nikanyoosha mkono kumpapasa mgonjwa.

Kiti kilikuwa kitupu.

Blanketi lilikuwa limelala bapa. Mkanda ulikuwa juu yake, umefungwa. Umekazwa vilevile nilivyoukaza.

Nikaenda chooni, hakukuwa na mtu. Nikafunua pazia: abiria wamelala. Kule nyuma kabisa mtu mmoja tu alikuwa macho. Abdulwahab. Alikuwa amekaa wima, ananitazama. Hakuinuka. Hakuuliza ninatafuta nini.

Mhudumu wa ndege akanishika bega, akaniambia kwa sauti ya chini nirudi nikakae. Nikamwambia mgonjwa wangu haonekani. Akanielekeza kwa kidole.

Alikuwa kwenye kiti chake, ndani ya mkanda.

Nikakaa. Nikawasha taa ndogo ya juu. Miguu yake, ambayo ndiyo kwanza nilikuwa nimeipaka mafuta hotelini, ilikuwa na tope hadi kwenye vifundo. Pindo la kanga lilikuwa limejaa mbegu za kishona nguo, zile nyeusi zinazonata ukipita vichakani. Uani kwangu Visiga zimeota mpaka mlangoni. Kila siku nasema nitazifyeka.

"Mlango wako wa uani utie mafuta," alisema, macho ameshafumba. "Unalia."

Nikafungua mkoba. Kitambaa hakikuwemo.

Uwanjani Dar Abdulwahab alimwingiza mama yake kwenye gari lililokuwa linawasubiri. Nilitaka kupanda. Akanizuia kwa kiwiko, akasema kazi yangu imeisha, nitafute teksi. Sikubishana. Nilitaka kufika nyumbani.

Faudhia alinifungulia saa kumi na nusu, amekasirika kwa kukatizwa usingizi. Nikamuuliza kama mtoto yuko salama. Akasema yuko salama, ila mlango wa uani ulilia kama saa saba na nusu hivi, akadhani Naila ametoka kujisaidia. Alipokwenda kutazama alimkuta kitandani, na mlango una komeo.

Naila alikuwa amekaa kitandani gizani. Anatafuna.

Kitambaa cha bluu kilikuwa mapajani kwake.

Nikamtia kidole mdomoni. Hakukuwa na kitu tena. Nikamuuliza nani kampa, nikijitahidi sauti isipande.

"Bibi. Kasema umemtuma wewe."

"Kakupa nini?"

"Mkate. Na chokoleti." Akalamba midomo. "Halafu nyama."

Mimi sikufunga nyama.

Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika Abdulwahab aliponipigia. Alisema mama yake ameshapumzika, amefia njiani, Pugu, bila shida yoyote. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo. Nikamwambia, mlijua.

"Hiyo aliyokuwa nayo isingepata mwingine wa kumshika, angekufa vipi? Na mimi nina mabinti watatu, Mama Naila."

Akakata. Namba hiyo haipatikani tena. Nilikwenda Kisarawe, nikakuta nyumba imefungwa.

Shehe mmoja wa Mlandizi amemsomea Naila mara nne. Aliniuliza kama kuna mtu alitoa ruhusa. Nilipomwambia ni mimi, kwa mdomo wangu, aliacha kuandika, akafunga kitabu taratibu.

Siku hizi nalala na Naila. Namfunga kanga kiunoni, ncha ya pili najifunga mkononi. Uani nimefyeka kote, nimechoma na mizizi. Asubuhi fundo liko vilevile, halijaguswa, naye amelala chali, hajajigeuza. Namwamsha, nambandua mbegu za kishona nguo kwenye gauni la kulalia, moja moja, kisha namvika sare aende shule.

Jana jioni nilikuwa nafunga uji kwenye chupa. Mtoto wa Faudhia, mchanga wa miezi minne, ana homa, na mama yake hajapata nafasi ya kupika. Naila alikuwa mezani anaandika kazi za shule. Hakuinua kichwa.

"Nipe nimpelekee," alisema. "Mimi nafika mapema."

Nilisimama na chupa mkononi, midomo nimeibana.

Akaweka kalamu chini, akanitazama. Anasubiri niseme haya.