Sukari Kwenye Kibuyu cha Baba

Mwezi wa pili, msimu wa likizo, stendi ya mabasi ya Puerto Montt kule kusini haina pa kukanyaga. Vijana wenye mabegi ya mgongoni wanajigeuza hivi na hivi kama kobe, na wauza maandazi ya boga wanapenya katikati na sinia zao. Hapo ndipo Orietta, nesi wa miaka ishirini na saba kutoka Calama, jangwani huko kaskazini ambako mvua ni habari ya redioni, alipogongana na kijana mrefu aliyebana chupa ya maji ya moto kwapani.

"Kaka, unasafiri au unakwenda kutazama mgonjwa wodini?"

"Nakwenda kwetu Futaleufú," akajibu kijana. "Na wewe na hiyo kofia ya jua unakwenda wapi? Huku jua tunaliona kwenye kalenda."

Orietta akacheka. Alikuwa amevaa koti la manjano, jipya, mikunjo ya dukani ingali juu yake. Kijana, Aliro Cárcamo jina lake, alivaa sweta ya sufu rangi ya majivu, iliyofumwa nyumbani, kiwiko kimoja kimetiwa kiraka. Wakapanda basi moja, na viti vikawa jirani.

Basi likaambaa na pwani, likapanda kivuko, likashuka, likapanda kingine. Milima ikaingia baharini huku imebeba theluji kichwani. Aliro akatoa kibuyu kidogo, cheusi kwa uzee, mdomo wake umevikwa fedha. "Cha marehemu baba," akasema. Akatia majani ya yerba, ile chai chungu ya huko kusini, akamimina maji ya moto, akachomeka mrija wa chuma. Cha kwanza akanywa mwenyewe, akajaza tena, akampa Orietta.

Orietta akatoa leso, akaufuta mrija.

"Ala! Kwani nina ukoma?"

"Sijakujua bado, bwana." Akanywa. Uso ukamkunjamana kama aliyelamba shubiri. "Hii mnakunywa kwa hiari yenu?"

Aliro akakichukua, akapekua begi lake. Kibuyu kiliporudi kilikuwa na sukari na ganda la chungwa. Orietta akanywa chote, na leso hakuitoa tena. Kwao kila mtu na kikombe chake. Mrija uliotoka mdomoni mwa Aliro kuingia mwake aliuhesabu kama jambo kubwa, mashavu yakamwaka moto.

Walilala Chaitén, kila mmoja na chumba chake, wakala mchuzi wa chaza kutoka bakuli moja. Asubuhi Aliro akamwambia, macho chini: "Jumapili twende kwa mama. Sijawahi kumpelekea mtu, kimbaumbau wangu."

"Nitakujibu tukifika Ziwa Yelcho," akaringa Orietta, na moyoni alishajibu zamani.

Kabla basi halijaondoka, akapanda msichana, Millaray jina lake. Sweta nyekundu, nywele mpaka kiunoni, gitaa mgongoni, soksi za kijani. Akakaa kiti cha upande wa pili wa njia, akamtazama Aliro.

"Kaka, hicho kibuyu kinatembea au kimeota mizizi?"

Aliro akajaza, akampa. Mrija uleule! Orietta akauona ukiingia katikati ya ile midomo. Millaray akakohoa, akainama, akamnong'oneza Aliro. Aliro akamtupia Orietta jicho, akacheka mpaka masikio yakawa mekundu.

"Mnacheka nini?"

"Hakuna, mpenzi, nitakwambia baadaye."

"Mnanicheka mimi?"

"Wewe tena? Hebu tulia, Orietta."

"Nitulie! Mrija mmoja na kila anayepanda basi, mbele ya macho yangu! Hata aibu huna?"

"Mrija una kosa gani?"

"Ndiyo maana huoni kosa, umezoea!"

Ziwa Yelcho likatokea, kijani kama chupa. Basi liliposimama kushusha watu, Orietta akadaka begi lake. "Jibu lako hili hapa. Kwa mama mpeleke huyo mwenye gitaa." Aliro naye ana kiburi cha wana wa milimani, akageukia dirishani. Basi likaondoka. Jingine ni baada ya siku mbili.

Nyumba ya wageni ilikuwa moja tu, ya Bibi Edelmira. Jikoni jiko la kuni linanguruma, mkata kuni asiye na meno ya mbele yuko mezani, na polisi wa kituo anakausha buti. Bibi akamnywesha mkata kuni, akajaza, polisi akanywa, akajaza, akampa Orietta. Kibuyu kimoja, mrija mmoja. Orietta akautazama ule mrija, akaangua kicheko na machozi pamoja.

"Una nini, binti?"

"Bibi, kama mrija huu ni busu, leo nimebusiwa na wilaya nzima."

Polisi akajikohoza. Orietta akasimulia yote, hata soksi za kijani. Bibi Edelmira akasikiliza huku anachochea kuni, halafu akauliza swali moja.

"Alichokupa wewe kilikuwa kichungu au kitamu?"

"Kitamu. Sukari na ganda la chungwa."

"Kwenye kibuyu cha baba yake?"

"Ndiyo, bibi."

Mkata kuni akaguna. Bibi akaweka birika chini. "Mwanangu, kibuyu cha yerba chungu kikitiwa sukari mara moja kimeharibika, ladha haitoki. Mtu wa huku atakuazima farasi kabla hajatia sukari kwenye kibuyu cha baba. Huyo msichana alikohoa kwa sababu alitegemea uchungu. Bila shaka alimuuliza, 'Nani kakuharibia kibuyu?' Na yeye akakutazama wewe."

Orietta akainuka. Kisha akauliza simu inashika wapi.

"Juu ya rundo la kuni, nyuma ya nyumba. Usimame kwa mguu mmoja."

Simu iliposhika tu, ikalia.

"Kimbaumbau! Hii ya kumi na mbili napiga!"

"Uko wapi?"

"Nilishuka njia panda. Nimepata lori la magogo, narudi. Orietta, yule binti hata—"

"Usiseme. Njoo na kibuyu."

Alifika mvua imeloanisha sweta mpaka kiraka. Orietta hakumkumbatia. Akakichukua kibuyu, akakikosha mara tatu kwa maji ya moto, akatia yerba bila sukari. Cha kwanza, kile chenye vumbi na uchungu wote, akanywa mwenyewe mpaka mrija ukakoroma. Macho yalimtoka, lakini uso hakuukunja. Akajaza, akampa Aliro.

"Mbona hakina sukari?"

"Mama yako anakunywaje?"

"Kichungu."

"Basi nianze kuzoea leo. Jumapili si mbali."

Aliro akavuta kiti, akakaa karibu naye. Bibi Edelmira akajifanya anatafuta kijiko.

"Na yule Millaray," akasema Orietta, "alishukia wapi?"

"Sikuangalia."

"Soksi zake rangi gani?"

"Soksi? Alivaa soksi?"

"Kunywa," akasema Orietta. "Umepona."